Bonde la Mubuku: Matembezi ya Mlimani kwa Jamaa Nzima

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi huulizana swali lile lile: tuwapeleke wapi watoto wapate kuiona nchi yao, nasi tusimalize fedha yote ya matumizi ya nyumba? Jibu moja liko magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, katika bonde la mto Mubuku.

Wengi hudhani kwamba milima ile ni ya wageni wa ng'ambo waliojifunga kamba viunoni. Dhana hiyo ina asili yake. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa ufalme kutoka Italia, alilifuata bonde hili hili hadi akakifikia kilele cha Margherita, chenye meta 5,109, kilele cha mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika. Tangu siku hizo jina la Rwenzori huambatana na theluji na barafu, ingawa barafu yenyewe imepungua sana. Lakini muda mrefu kabla ya mgeni huyo kufika, akina mama wa Kikonzo walikuwa wakipanda na kushuka miteremko ya chini, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Sehemu hiyo ya chini ndiyo tunayoizungumzia leo.

Mahali penyewe

Kutoka mji wa Kasese gari hufuata barabara ya Fort Portal, kisha huacha lami na kuingia bondeni hadi kijiji cha Nyakalengija, penye mwinuko upatao meta 1,600. Hapo barabara ya gari huishia, na mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori u karibu. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mzazi asidanganywe na ukaribu wa mlango. Kituo cha kwanza cha wapanda milima, Nyabitaba, kiko umbali wa kilomita zipatazo kumi, na njia hupanda kama meta elfu moja. Mtu mzima mwenye afya hutumia saa tano au zaidi. Hicho si kipimo cha mtoto mdogo.

Kuna njia nyingine zinazofaa. Ziko chini ya mpaka wa hifadhi, nazo hupita katika mashamba ya kahawa, migomba na mihogo, zikapanda vilima ambavyo juu yake bonde lote huonekana. Matembezi ya saa mbili au tatu yatosha. Mwenyeji mwenye macho mazuri atawaonyesha watoto kinyonga mwenye pembe tatu, na ukingoni mwa msitu huenda wakawaona mbega wakirukaruka matawini. Wenyeji nao wataeleza jinsi kahawa inavyochumwa na jinsi bundu, yaani ugali wa mihogo, unavyosongwa.

Mwendo wa mdogo ndio mwendo wa wote

Kosa la kwanza la wazazi ni kumweka mtoto mdogo nyuma na kumhimiza. Mtoto ahimizwaye huchoka mapema, na akichoka hulia, na akilia safari imekwisha. Mdogo na awe mbele, nyuma tu ya kiongozi wa njia, naye ndiye apime mwendo. Baba, au yeyote mwenye nguvu, awe wa mwisho asiachwe mtu. Pumzikeni kila baada ya nusu saa, hata kama hakuna aliyeomba. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Jambo la pili ni hesabu ya saa. Kabla ya kuondoka, wekeni saa ya kurudi. Ikifika, geukeni, hata kama kilele cha kilima kiko hatua mia mbele. Kushuka huchosha magoti, na ajali nyingi hutokea wakati miguu imechoka.

Siku tuliyorudi nyuma

Nayaandika haya kwa kuwa yalitupata. Tulikwenda na watoto wetu watatu, mkubwa wa miaka kumi na miwili na mdogo wa miaka mitano, pamoja na bibi yao. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa kijiji. Tulikusudia kuvuka kijito kimoja kiingiacho Mubuku, kwa kukanyaga mawe, ili tule chakula ng'ambo ya pili penye majani mazuri.

Jua lilikuwa likiwaka. Tulipofika, mzee alisimama akayatazama maji. Asubuhi yalikuwa meupe. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na majani mabichi yalikuwa yakielea. Akasema, "Mama, leo mwisho wetu ni hapa."

Mtoto mkubwa alibisha. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wenzake shuleni kwamba angevuka. Nakiri kwamba mimi nami nilitaka kubisha. Mawe yote yalikuwa yakionekana, na safari ilikuwa imetugharimu. Bibi yao ndiye aliyetunyamazisha. "Mwenyewe wa mto amesema," akasema, akageuka.

Mzee alitueleza tukiwa njiani. Mvua haikuwa juu ya vichwa vyetu, bali ilikuwa imenyesha juu mlimani, mahali tusipopaona. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza safari. Tulipanda kilima kidogo, tukafungua chakula. Kabla hatujamaliza mayai, jiwe hata moja halikuonekana pale kijitoni, na ngurumo ya maji ilitulazimu kusemezana kwa sauti kubwa. Laiti tungevuka, tungekuwa ng'ambo na mtoto wa miaka mitano, bila njia ya kurudi.

Watu wa Kasese wanaujua ukweli huo kwa uchungu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, katika bonde jirani la Kilembe, ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu. Mwezi wa Mei 2020 mafuriko yalirudi, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Kwa hiyo, mto wa mlimani usipimwe kwa hali ya mbingu iliyo juu yako. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au sauti yake ikizidi, ondokeni kandokando mara moja na kupanda juu.

Matayarisho

Majira yaliyo bora ni Januari na Februari, au Juni na Julai, ingawa Rwenzori mvua yaweza kunyesha mwezi wowote. Anzeni asubuhi na mapema, maana mawingu aghalabu hukusanyika mchana. Kila mtu awe na:

– viatu vilivyokwisha kuvaliwa, si vipya, vyenye soli isiyoteleza;
– sweta na koti la mvua, kwani mtoto aliyelowa hupata baridi upesi;
– suruali ndefu, kwa ajili ya majani yawashayo;
– maji yaliyochemshwa.

Chakula kiwe chepesi lakini chenye nguvu: viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi mbivu. Chukueni pia kitambaa safi na dawa ya vidonda. Mkilala Kasese, kwenye joto la bondeni, laleni ndani ya chandarua. Kiongozi wa njia mkubaliane naye malipo kabla ya kuondoka, na mwambieni mtu mliyemwacha nyuma ni njia ipi mtapita na saa ngapi mtarudi. Takataka zenu rudini nazo.

Shule zilipofunguliwa, mtoto wetu mkubwa aliandika insha juu ya safari ile. Nilidhani angeandika kwamba tulishindwa kuvuka. Aliandika juu ya mzee aliyeyatazama maji akajua kwamba mvua imenyesha mbali. Mwaka uliofuata tulirudi kwa mzee yule yule. Maji yalikuwa meupe, naye akatuvusha.