Sindano za Homoni na Maziwa ya Mwanaume Yanayouma

Huenda wewe ni mmoja wa wanaume wanaodungwa sindano za testosteroni. Hiyo ni homoni ya kiume, nayo hutengenezwa katika korodani. Kuna wanaume ambao korodani zao zimeharibika, labda kwa matubwitubwi yaliyowapata wakiwa vijana, labda kwa kuumizwa. Mganga akiisha kupima damu ya asubuhi, tena mara mbili, na kuona homoni imepungua kweli, huamuru sindano.

Sasa, baada ya majuma kadha, chuchu zinauma, na chini yake unagusa kitu kigumu kama kisahani. Unaona haya. Unavaa shati pana, na kwa siri unamwuliza rafiki. Yeye anasema, "Hiyo ni homoni ya kike. Nunua vidonge vya kuiua." Usimsikie.

Homoni ya kike, yaani estrojeni, haikutoka nje. Mwili wako umeitengeneza kutoka katika testosteroni ile ile uliyodungwa. Kazi hiyo hufanywa na chachu ya mwili iitwayo aromatezi, nayo iko kwa wingi katika mafuta. Kwa hiyo mtu mwenye tumbo kubwa huigeuza zaidi kuliko mwembamba. Tena ukidungwa dawa nyingi mara moja, testosteroni hupanda sana siku za kwanza, na estrojeni huifuata.

Lakini usidhani estrojeni ni adui wa mwanaume. Mwaka 1994 waganga wa Marekani waliandika habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha, ila mifupa yake ilikuwa dhaifu, na tena alikuwa bado anarefuka! Mwaka 2013 wengine walionyesha kwamba mwanaume akikosa estrojeni, mafuta ya mwili huongezeka na hamu ya mke hupungua. Je, si kwa ajili ya hamu hiyo ulikuja hospitalini? Vidonge vya rafiki yako, kama anastrozoli, vilitengenezwa kwa kansa ya maziwa ya wanawake. Usivimeze ila kwa amri ya mganga.

Basi rudi kwake, na umwonyeshe kifua bila haya. Pengine atapunguza dawa, au badala ya miligramu 200 kila majuma mawili atakupa 100 kila juma: dawa ni ile ile, ila haipandi sana. Atakuuliza habari za pombe, maana ini lililoharibiwa na pombe huvimbisha maziwa hata ya mtu asiyedungwa kitu. Ukiona uvimbe mgumu upande mmoja, au damu chuchuni, usingoje siku ya sindano; wanaume nao hupata kansa ya maziwa.

Na neno hili wengi hawaliulizi: sindano hizi huzuia mbegu za uzazi. Kama wewe na mke wako mnatafuta mtoto, mwambie mganga kabla ya sindano ijayo.