Sura ya 6: Wengi, Lakini Je, Wana Afya?

Tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Watu walihamishwa, wanyama pori wakabaki. Misonobari ya jirani ilikauka ikawa nyekundu kama kutu.

Sumu ya mionzi iliyotoka kinuni iliwapataje wanyama? Mwili hauna njia ya kuitambua. Iodini-131 hukusanywa na tezi ya shingo kama iodini ya kawaida. Seziamu-137 hufanana na potasiamu, hivyo huingia kwenye misuli. Strontiamu-90 hufanana na kalsiamu, hivyo hujengeka mifupani. Iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Seziamu huchukua miaka 30.

Kiasi anachopata mnyama hutegemea sana chakula chake. Huko Bavaria, Ujerumani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, bado hupatikana nguruwe mwitu ambao nyama yao imepita kiwango kinachoruhusiwa kuuzwa, yaani bekereli 600 (kipimo cha mionzi) kwa kilo. Nguruwe hao hufukua na kula kuvu wa chini ya ardhi, ambao hulimbikiza seziamu, ikiwemo iliyotokana na majaribio ya zamani ya mabomu ya nyuklia.

Mionzi ikipenya kwenye seli hukata nyuzi za DNA. Seli hujaribu kuziunga. Ikikosea, kasoro hubaki. Anders Pape Møller na Timothy Mousseau waliwachunguza ndege wa Chernobyl, wakaeleza kuwa mbayuwayu wengi zaidi walikuwa na mabaka meupe manyoyani, na kwamba penye mionzi mikali ndege walikuwa na ubongo mdogo zaidi. Wanasayansi wengine wanabishana nao kuhusu ukubwa wa madhara hayo.

Mwaka 2015, utafiti katika upande wa Belarusi wa eneo lililohamwa ulionyesha kuwa paa na nguruwe mwitu walikuwa wengi sawa na katika hifadhi zisizochafuliwa, na mbwa mwitu walizidi mara saba. Wapo waliohitimisha kuwa mionzi haina neno. Hapo ndipo tunapopaswa kuwa makini. Kuhesabu wanyama hakutuambii kama macho yao yanaona vizuri, wala kama watoto wao wanazaliwa salama; anayekufa mapema huweza kuzibiwa pengo na mgeni kutoka nje. Hesabu ile inathibitisha jambo jingine zito: bunduki, shoka na jembe vilipoondoka, wanyama waliongezeka licha ya mionzi. Mionzi inadhuru, nasi tulikuwa tukiwadhuru zaidi.