Udongo wa Machimbo: Tuupime Kabla ya Kuulima

Barabara itokayo Kigoma ikifika Kidahwe hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Kasulu, wa pili huenda Uvinza, na kutoka huko mtu aweza kushika njia ya kusini hadi Mpanda. Kijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika aendaye kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Mpanda hupita njia hiyo. Arudipo, jamaa hutazama alicholeta mfukoni. Ni wachache watazamao vumbi lililoganda katika viatu vyake.

Mpanda ina historia ndefu ya uchimbaji. Reli kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ambao ulifungwa mwaka 1960. Mgodi waweza kufungwa na wafanyakazi wakahama, lakini metali haiozi kama jani la mgomba. Risasi, zebaki, kadimi na arseniki zikishaingia katika udongo hukaa humo miaka mingi. Mvua huzisukuma mtoni, mimea huzifyonza, na upepo huzipeperusha hadi majumbani.

Je, ndugu msomaji, utajuaje kama shamba lililo jirani na machimbo lina hatari? Kwa macho huwezi. Wataalamu huchota udongo mahali pengi, karibu na mbali na machimbo, wakaupima katika maabara. Kisha huulinganisha na udongo wa eneo hilo hilo ambao haukuguswa na uchimbaji. Ulinganisho huo ni wa lazima, kwani nchi yenye madini huwa na metali nyingi hata kabla sururu ya kwanza haijapigwa.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Sweden, Lars Håkanson, alitoa kanuni ya kupima matope ya ziwani, na leo hutumika pia kwa udongo. Kila metali ina alama yake ya sumu: zinki 1, risasi na shaba 5, arseniki 10, kadimi 30, zebaki 40. Tuseme risasi imezidi kiasi cha asili mara 10. Zidisha kwa 5, upate 50: hatari ya wastani. Zebaki ikizidi mara hizo hizo 10, jibu ni 400, na kinachovuka 320 huhesabiwa kuwa hatari kubwa mno. Ongezeko ni lile lile, madhara ni mbalimbali.

Hata hivyo, kanuni hiyo hupima hatari kwa mazingira. Haisemi ni mtoto wa nani achezaye juu ya udongo huo. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, familia zilisaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Hapa kwetu, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 kuhusu udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita ulikuta ndani yake arseniki, kromi na nikeli.

Basi mawe yasisagwe nyumbani, wala zebaki isichomwe jikoni, kwani mvuke wake ni sumu. Mchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Mama mjamzito mwenye hamu ya udongo aieleze kliniki, asiifiche. Bustani ya mchicha isilimwe juu ya mabaki ya machimbo. Nao viongozi wa vijiji wadai udongo upimwe kabla ya kuwagawia watu mashamba mahali palipochimbwa.

Wenyeji wa Kigoma wana sababu nyingine ya kujali. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, na kinachoingia humo huchukua muda mrefu mno kutoka. Tahadhari kabla ya hatari.