‘Net imeenda!’ Una hakika ni net?

“NET imeenda!” Kilio hiki hakikosekani hosteli, kwenye saiba wala ndani ya matatu. Lakini mara nyingi net iko sawa. Kilicholala ni tovuti au apu moja tu. Vijana wengi hudhani intaneti na wavuti ni kitu kimoja, na hapo ndipo pesa za data hupotea bure.

Tofauti ni ipi? Intaneti ni barabara: nyaya, minara, mitambo na kanuni zinazowezesha kompyuta kuwasiliana. Chimbuko lake ni ARPANET, mtandao ulioanza Marekani mwaka 1969. Huku kwetu, kasi iliongezeka baada ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009.

Wavuti ilikuja baadaye. Mwingereza Tim Berners-Lee aliibuni mwaka 1989 akifanya kazi katika kituo cha CERN, Uswisi. Ni zile kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ambazo unafungua kwa kivinjari kama Chrome. Kwa hivyo wavuti ni matatu za ruti moja tu. Baruapepe, WhatsApp na gemu za mtandaoni ni magari mengine, ila barabara ni ile ile.

Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Barabara ilikuwa wazi. Tovuti nyingine zilifunguka. Julai 2023, wadukuzi walipovamia eCitizen, huduma zilikwama ilhali intaneti ilikuwepo. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini. Siku hiyo barabara yenyewe ndiyo iliharibika, na Wakenya wakahangaika na net ya kobe.

Sasa, unatuma maombi ya kazi au ya mkopo wa HELB, siku ya mwisho ni leo, na ukurasa haufunguki. Usikimbilie kununua data. Jaribu tovuti nyingine mbili. Zikifunguka, shida iko kwa mwenye tovuti: piga picha ya skrini iwe ushahidi, kisha ujaribu tena baadaye. Kama WhatsApp inaingia lakini hakuna tovuti inayofunguka, angalia ulinunua data gani. Ile ya WhatsApp pekee haifungui wavuti. Na kama hakuna chochote kinachoingia, badilisha laini au umwombe rafiki hotspoti.

Data ni ghali, na siku ya mwisho haingoji mtu.