Kupungua huanzia kwenye sahani, kubaki umepungua hutegemea miguu

Mkuyuni, Morogoro. Jua likiwa bado halijapanda vizuri, akina mama wa vijiji vya juu huwa wameshafika nusu ya safari. Huyu ana mkungu wa ndizi kichwani, yule tenga la mananasi, mwingine fenesi lililomzidi ukubwa mtoto aliyembeba mgongoni. Wanateremka njia nyembamba za Uluguru hadi barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka, ambako wanunuzi wa Morogoro mjini na Dar es Salaam hupakia matunda. Wakishauza wanapanda tena mlima uleule, safari hii na chumvi, sabuni na mafuta ya kula.

Kumwambia mama wa namna hiyo akafanye mazoezi ni mzaha.

Lakini bodaboda nazo zimefika. Mkungu uliokuwa wa kichwani sasa unapanda pikipiki, na mwenye mkungu anapanda naye. Kuna pia binti aliyekulia mlimani, akaolewa Kihonda au Msamvu, akafungua genge. Anakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi usiku, na bado anapakua kama alivyofundishwa na mama yake. Yaani anakula chakula cha mtu anayelima kwenye mteremko, huku kazi yake ni kupima nyanya na kurudisha chenji. Miaka mitatu, watoto wawili, na nguo za harusi haziingii tena.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Na unene huo hauji mikono mitupu. Huja na shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani na magoti yanayolalamika kila ngazi.

Wazee wa Kiluguru na majirani zao wa Pwani waliijua kanuni ya unene zamani, ila waliitumia kwa kusudi jingine. Mwali alipowekwa ndani, mambo mawili yalikwenda pamoja. Alilishwa vizuri, na hakutumwa mtoni wala shambani. Alipotoka kuchezwa alikuwa amenawiri, na hilo ndilo lililotakiwa. Anayetaka kupungua leo ana kazi ya kuigeuza kanuni hiyohiyo, sehemu zake zote mbili. Tatizo ni kwamba wengi hugeuza moja tu.

Wa kwanza ni yule anayetegemea miguu peke yake. Anaamka saa 11 alfajiri, anatembea saa nzima, anarudi akiwa amelowa jasho, kisha anakula zaidi ya jana kwa sababu “nimeshafanya mazoezi.” Mwezi unaisha, mizani haijasogea, anakata tamaa.

Hesabu yake haikuwa sawa tangu mwanzo. Mtu mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka saa moja hutumia takriban kalori 300. Soda moja ya mililita 350 ina karibu kalori 150. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kula vina karibu 240, na mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima huvipita vijiko hivyo kabla kitunguu hakijaiva. Chai nayo isisahaulike: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari, ni sawa na kunywa soda nyingine. Safari yote ya alfajiri inaweza kurudishwa kwa staftahi moja, na anayekunywa wala hahisi kuwa amekula.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili umetoka hapahapa Tanzania, kaskazini, kwenye Bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili ya watu hao, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, hutumia kwa siku nzima. Wanaume walikuwa wakitembea karibu kilometa 11 kila siku, wanawake karibu 6. Wengi wangetegemea kwamba miili yao inateketeza chakula kuliko miili ya wafanyakazi wa ofisini Marekani. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi ya siku yalilingana.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una tabia ya kubana matumizi. Ukiutumikisha sana upande mmoja, unapunguza upande mwingine, kama mama anayelipa ada ya shule kisha akaahirisha kununua vyombo. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani, lakini funzo kwa mtu wa kawaida liko wazi: kilo nyingi huondolewa na kinachopunguzwa kwenye sahani.

Sasa kwa nini atembee?

Wahadzabe haohao wana jibu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, uliwakuta wakiwa na zaidi ya saa mbili za shughuli za kuupa moyo kazi kila siku. Shinikizo la damu kwao lilikuwa nadra, hata kwa wenye umri mkubwa. Kutumia kalori kama wa ofisini hakukuwafanya wawe na mishipa ya wa ofisini.

London nako walishaona jambo kama hilo kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku. Kampuni moja, barabara zilezile, lakini makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Anayepanda basi Morogoro leo ajiulize tu ni nani kati ya wawili wale mwenye kitambi.

Kisha kuna suala la tumbo. Mafuta yaliyojificha ndani, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko nyama uzembe ya mikononi inayowasumbua wengi kwenye kioo. Mazoezi ya moyo, yale ambayo vijana wa jimu huyaita kadio, huyapunguza mafuta hayo hata pale ambapo mizani imegoma. Ndiyo maana inafaa kuwa na futi ya fundi cherehani nyumbani. Kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke, au 102 kwa mwanaume, ni dalili ya kwenda kupima sukari na shinikizo la damu.

Wa pili, yule anayetegemea njaa peke yake, ndiye anayesikitisha zaidi. Anaruka chakula cha usiku, mchana anakula tango, na wiki ya tatu kila mtu anamsifia. Asichokijua ni kwamba mwili ulionyimwa chakula hauli mafuta pekee. Unakula na misuli. Uzito unashuka, lakini nguvu nazo zinashuka, na mwili mdogo unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko zamani. Siku anaporudia sahani yake ya kawaida, ambayo ilimtosha akiwa na kilo 85, sasa inamzidi. Kilo zinarudi, mara nyingine na nyongeza.

Hapo ndipo miguu inapolipa deni lake. Nchini Marekani kuna daftari la kitaifa la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill. Watu hao walipungua kwa njia nyingi tofauti za kula. Wengi wao wanafanana katika jambo moja: wanafanya mazoezi karibu saa moja kila siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Bila jimu, bila mashine.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Si lazima ziwe za mfululizo; dakika kumi za kwenda dukani kwa mwendo wa haraka zinahesabiwa. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya mkononi: unatembea huku unaweza kuongea na jirani, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakata.

Kwa hiyo mama wa Mkuyuni aliyezoea bodaboda anaweza kuanza kwa kushuka kabla ya mwisho wa safari na kumalizia kilima kwa miguu. Kupanda ndiko kwenye faida kubwa, kwa moyo na kwa misuli ya mapaja. Kuteremka ndiko kunakoumiza magoti, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, kwa hiyo taratibu, na viatu vyenye meno msimu wa masika utelezi unapokuwa kila mahali. Wa genge la mjini naye hana mlima, lakini ana njia ya kwenda sokoni ambayo kwa sasa anailipia nauli. Ndoo ya maji na jembe la bustani vinaingia kwenye kazi ya misuli, navyo havina kiingilio.

Kwenye sahani, hakuna haja ya chakula cha kigeni. Ugali upungue kwa theluthi, mboga za majani ziongezeke, mafuta yapimwe kwa kijiko. Maharage, kunde, dagaa au yai visikosekane, maana ndivyo vinavyosaidia misuli isiliwe. Tui la nazi liwe la siku maalumu. Matunda Mkuyuni ni mengi na ni mema, ila fenesi zima lililiwa na watu wawili jioni haliitwi tena tunda, ni mlo. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Anayeahidi kilo kumi kwa wiki mbili anauza kitu.

Kinachowarudisha wengi nyuma si njaa wala uchovu. Ni maneno. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa watu husema mume anamtunza. Akipungua, swali la kwanza ni “Unaumwa?” na la pili huulizwa akishaondoka. Katika nchi ambayo kukonda kulikuwa kwa miaka mingi ishara ya UKIMWI, maneno hayo yana uzito, na yanamgusa mume pia. Ndiyo maana ni bora wawili hao wakakubaliana mapema, na ikiwezekana wakatembea pamoja. Ukimwona baba na mama wakipandisha kilima saa 12 jioni, watoto wakitangulia mbio, hakuna la kusengenya. Mke anayetembea peke yake alfajiri na mapema, kwenye njia isiyo na watu, ana la kuhofia zaidi ya maneno.

Watoto wenyewe wasiwekwe kwenye mpango wa kujinyima. Mwili unaokua unahitaji chakula. Mtoto mnene apunguziwe soda, juisi za pakiti na muda wa kukaa na simu, arudishwe kucheza rede, kuruka kamba na mpira wa makaratasi. Mama mjamzito asijaribu kupungua; anayenyonyesha na anayetumia dawa za sukari au shinikizo la damu wazungumze na mhudumu wa afya kwanza, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa kadiri kilo zinavyoshuka. Anayesikia kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida asimame hapohapo na aende kituo cha afya. Asijikaze.

Baada ya wiki sita za mwendo huo, mizani ya zahanati inaweza kuonyesha kilo tatu tu. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za kilo kumi, tatu zinaonekana kichekesho. Lakini kanga ile iliyokuwa ikifika kwa shida kiunoni sasa inapishana kwa kiganja kizima, na kilima cha kwenda kwa mama mkwe, ambacho zamani kilikuwa na mawe mawili ya kupumzikia, kinapandwa kwa jiwe moja.