Je, Wajua? Ruta ya Suam Husikia Nchi Mbili

Mto Suam huanzia Mlima Elgon, huwa sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda, kisha ukishuka nchi ya Wapokot huitwa Turkwel hadi unapoingia Ziwa Turkana. Mjini Suam, upande wa Trans Nzoia, msafiri anayevuka hudaiwa kitambulisho. Mawimbi ya redio hayadaiwi kitu. Mnara ulioko Uganda husikika hadi kwenye sebule za Kenya, na wa Kenya husikika ng'ambo vilevile. Ndiyo maana ruta ya laini iliyofanya kazi vizuri dukani Kitale inaweza kufika Suam ikagoma, na wala si mbovu.

Ndani ya kisanduku cha ruta hiyo mna vyombo viwili. Modemu huzungumza na mnara. Ruta nayo hugawia intaneti simu, kompyuta na televisheni za nyumbani. Ukiona simu imeshika Wi-Fi barabara lakini hakuna kinachofunguka, mara nyingi ruta haina kosa. Tatizo liko kati ya modemu na mnara. Wengi hapo huhangaika kubadili neno la siri la Wi-Fi, jambo lisilohusika kabisa.

Modemu ikiwashwa husoma laini kwanza. Laini imebeba namba ndefu ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 639 ni Kenya, 640 Tanzania, 641 Uganda. Kila mnara nao hutangaza namba yake bila kukoma. Modemu husikiliza, ikautafuta mtandao wa kwao. Mawimbi ya kwao yakififia, hukimbilia kwa jirani. Hapo romingi, yaani ruhusa ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, ikiwa imezimwa, intaneti hukatika. Ikiwa imewashwa, salio laweza kuliwa kwa bei ya ugenini.

Dawa imo ndani ya ruta yenyewe. Chukua simu iliyoshika Wi-Fi yake, fungua kivinjari, uandike anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku, aghalabu 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Usishangae ukikuta anwani ya jirani ni ileile: zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, haziendi nje, kwa hiyo mamilioni ya nyumba duniani huzitumia bila kugongana. Ukishaingia, zima romingi. Kisha, mahali pa kuchagua mtandao, acha kuiachia ruta ijichagulie. Teua mwenyewe kampuni ya laini yako. Kagua pia APN, yaani jina la lango ambalo data hupitia. Kwa laini za kawaida za Safaricom huwa ni neno safaricom, kwa herufi ndogo. Herufi moja ikikosewa, unaweza kukosa intaneti hata kama mnara uko mbele ya macho yako.

Linalobaki ni mahali pa kuiweka, na hapa ndipo watu hupoteza zaidi. Mabati hurudisha mawimbi nyuma, kwa hiyo ruta iliyofichwa kwenye kona ya nyumba ya mabati hupokea mabaki tu. Ipandishe juu, dirishani, upande wenye mnara wa Kenya. Ruta nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Namba hizo zina siri yake: kila hatua ya 10 ni tofauti ya mara kumi. Ukiisogeza ruta ikatoka -105 ikafika -95, nguvu inayoipokea imeongezeka mara kumi, na hujalipa hata senti moja. Jaribu madirisha yote kabla ya kufikiria kununua antena ya nje.

Nawe unayenunua ruta Kitale ya kupeleka Suam, iwashe palepale dukani, uzime romingi na kuteua mtandao wako kabla ya kupanda matatu ya kuelekea Suam kupitia Endebess.