Kapu la mtalii Unguja: fedha humfikia nani?

Mtalii akishuka Mji Mkongwe huanzia mtaa wa Gizenga, na kabla ya magharibi mkoba umejaa. Lakini mali ya Unguja humo ni haba. Picha za Tingatinga asili yake ni Dar es Salaam, alikozianzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Vinyago ni sanaa ya Wamakonde wa bara. Khanga nyingi huchapwa India. Hata "zafarani" ya bei poa ina walakini: zafarani halisi hutoka Iran au Kashmir, na haiuzwi kwa bei ya mchicha.

Anayetaka fedha yake imfikie mkulima aende Darajani, soko la tangu 1904, akanunue mdalasini, iliki na kungumanga. Bei hupatanwa, anayekubali ya kwanza amejitakia.

Kingine ni sabuni ya mwani kutoka Paje, pwani ya mashariki, ambako akina mama ndio wakulima wakuu. Mwani mkavu huuzwa nje kwa kilo, kwa bei ya kutupwa. Ukigeuzwa sabuni, sehemu kubwa ya faida hubaki kijijini.